Thadeo Masatu, Mtunza Stoo Aliyefundisha Tanzi la Kwanza

Jumatano tarehe 30 Juni 1993, Bwana Thadeo Masatu atakabidhi funguo za stoo ya Kituo chetu cha Maarifa ya Nyumbani, hapa Musoma, baada ya kuzishika kwa miaka ishirini na miwili. Ukijumlisha na mitano ya mwanzo, alipokuwa akifagia uwanja na kumwagilia bustani, ametumikia kituo hiki miaka ishirini na saba na miezi minne. Katika muda huo wamepita wakuu wa kituo sita, madereva watatu na gari moja.

Bwana Thadeo alizaliwa Kiriba mwaka 1938, katika nyumba ya watengeneza nyavu. Alisoma mpaka darasa la nne. Kabla hajajua kuandika jina lake alikuwa anajua kufunga fundo la wavu akiwa amefumba macho, na hadi leo, akikaa kwenye kikao kirefu, vidole vyake huanza kufunga mafundo hewani. Wafanyakazi wenzake huyatumia mafundo hayo kupima hotuba. Mkuu mmoja wa zamani, ambaye hatutamtaja, alifikisha nyavu mbili nzima.

Alipopewa stoo mwaka 1971, alitundika funguo shingoni kwa kamba ya katani na hajazivua tangu siku hiyo, isipokuwa kanisani. Kinachoingia stoo hukijua kwa sura yake. Aliwahi kukataa kupokea ndoo iliyorudishwa kwa sababu, alisema, ile iliyotoka haikuwa na kovu upande huo. Wasichana wa kituo walimpa jina la Baba Stoo, na walimu nao wakalichukua, ingawa mbele ya wageni tunajitahidi kusema Bwana Masatu.

Ilipoanza ile miaka ambayo sote tunaikumbuka, ya foleni za sabuni na unga wa njano, stoo ya Baba Stoo ilibaki na rafu nyingi kuliko vitu. Yeye hakuacha kutunza. Kila gunia la unga lililofunguliwa jikoni, alikuja na kisu kidogo, akafungua uzi mweupe wa pamba ulioshona mdomo wa gunia, taratibu, bila kuukata, akauviringisha kwenye kopo la maziwa. Makopo yakafika kumi, kisha ishirini. Wapishi walimcheka waziwazi.

"Baba Stoo, hizo nyuzi utafungia nini? Ziwa?"

"Mtakuja kuniomba," alijibu, na kufunga mlango.

Walikuja kumwomba mapema kuliko alivyodhani. Mwalimu Hyasinta, aliyekuwa akifundisha darasa la kufuma, alipata ujauzito uliomsumbua. Jumatatu tarehe 3 Septemba 1984 muuguzi alimwambia alale kitandani, asinyanyue hata sufuria, mpaka ajifungue. Alirudi kwa mama yake, Bunda. Aliwaacha wasichana kumi na wawili ambao walikuwa ndiyo kwanza wamefika, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kushika krosheti, ile sindano fupi ya kufumia yenye ncha ya ndoano.

Hilo peke yake lingevumilika. Tatizo lilikuwa barua ya mkaguzi kutoka Mwanza. Ilisema kwamba tarehe 22 Novemba atakuja kukagua darasa la kufuma, na kila mwanafunzi atafuma mbele yake mishono minne ya msingi: mnyororo, nguzo fupi, nguzo ndefu na mshono wa kufungia. Ikiwa zaidi ya nusu watashindwa, darasa litafutwa kwenye orodha na wasichana watarudi makwao bila cheti. Mama Esta, mkuu wa kituo wakati ule, aliandika barua mbili kuomba mwalimu wa muda. Majibu yote mawili yalisema atapatikana Januari. Mwalimu wa mapishi alipoombwa asaidie alisema krosheti humtia kizunguzungu, na tangu hapo hakuonekana karibu na darasa hilo.

Bwana Thadeo aliitwa ofisini atoe uzi. Nyuzi za dukani hazikuwapo Musoma nzima, kwa hiyo yale makopo ya maziwa yalikuwa yameheshimika ghafla. Alisimama mlangoni na makopo mawili mikononi, akauliza swali la mtunza stoo yeyote: uzi huu anampa nani? Mama Esta hakuwa na jina la kumtajia. Wanaokumbuka wanasema Bwana Thadeo aliyaweka makopo mezani, akasema, "Basi nitamfuata Mwalimu Bunda anionyeshe. Mimi na uzi tunajuana."

Huo ndio uliokuwa mpango wote. Jumamosi atajifunza mshono mmoja Bunda. Jumatatu ataufundisha Musoma. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na sita.

Krosheti nazo hazikuwapo. Bwana Thadeo alichomoa spoku kumi na tatu kwenye gurudumu la nyuma la baiskeli yake, akazikata kwa urefu wa kiganja, akazinoa kwenye jiwe mpaka kila moja ikapata ndoano yake ndogo. Kazi ilikuwa safi. Baadhi ya spoku hizo bado zipo. Baiskeli haikupandika tena, na ndiyo maana Jumamosi zote zilizofuata alisafiri juu ya magunia kwenye malori ya pamba iliyokuwa ikienda kuchambuliwa Bunda, akarudi Jumapili baada ya misa ya kwanza, lori likiwa tupu na yeye akiwa mweupe kama mwokaji mikate.

Mama yake Mwalimu Hyasinta, Bibi Bhoke, ni mtu wa ng'ombe na hasemi nusunusu. Siku ya kwanza alimkuta mgeni amekaa kwenye kigoda kando ya kitanda cha mwanawe, ameshika spoku kwa ngumi.

"Baba, umekuja kufuma au umekuja kuchoma nyama?"

"Kufuma, mama."

"Mwanaume mzima anaachaga kazi zake anakuja kufuma kitambaa. Haya. Kaa. Ila usimtoboe mjukuu wangu."

Mwalimu Hyasinta alimwonyesha tanzi la kwanza, lile linaloanzisha kila kitu: uzi unazungushwa, unapitishwa, unakaa kwenye krosheti kwa ulegevu. Kisha mnyororo. Krosheti inanasa uzi na kuupitisha katikati ya tanzi, na tanzi jipya linazaliwa. Bwana Thadeo alitazama mara tatu, akasema ameelewa, akala ugali, akaenda zake.

Alikuwa ameelewa kama mtu wa Kiriba anavyoelewa uzi. Kwenye wavu, jicho lisilofungwa si jicho. Ukiliacha legevu, samaki wa kwanza atalivuta, na wa pili atapita na wenzake wote. Kwa hiyo Jumatatu Bwana Thadeo aliwafundisha wasichana tanzi, na kila tanzi walilotoa aliwaambia walikaze kwa fundo la wavu kabla ya kutoa lingine. Wasichana saba kati ya kumi na wawili walitoka vijiji vya ziwani, na walilipokea fundisho hilo kwa furaha. Hatimaye kituo kiliwafundisha kitu wanachokijua. Walifunga wiki nzima. Ijumaa kila mmoja alikuwa na mnyororo wa mafundo mia moja, mgumu kama kamba ya nanga, na hakuna krosheti ambayo ingeweza kuingia popote.

Eufrasia, msichana wa Kisorya aliyekuwa na mdomo kuliko wote, alijaribu kuingiza spoku yake mpaka ikapinda.

"Baba Stoo, hii tunafuma kitambaa cha meza au tunavua sangara?"

Jumamosi alivibeba vipande vyote kumi na viwili kwenye mfuko mpaka Bunda. Mwalimu Hyasinta alikitoa cha kwanza, akakitazama, akakitoa cha pili. Alianza kucheka akiwa amelala chali na akaendelea kucheka mpaka Bibi Bhoke alipoingia na mwiko mkononi.

"We Thadeo, utamzalisha mtoto wangu kabla ya siku."

Mwalimu mwenyewe anasimulia kwamba aliposhindwa kueleza kwa maneno, alichukua kitambaa chake alichokuwa akifuma pale kitandani, kikubwa kama sahani. Akachomoa krosheti, akashika ncha ya uzi, akavuta. Safu moja ikaondoka, ya pili ikafuata, na baada ya muda mfupi hapakuwa na kitambaa. Palikuwa na uzi tu, mzima, wenye mawimbi madogo kama nywele zilizofumuliwa.

Bwana Thadeo hakucheka. Aliomba aone tena. Mwalimu akafuma safu mbili, akafumua. Akaomba mara ya tatu. Kwenye wavu, fundo lililokosewa hukatwa kwa kisu na uzi wake hutupwa. Alikuwa amefikisha miaka arobaini na sita bila kukutana na kazi ya mikono ambayo kosa lake hukurudishia kila ulichotia. Aliwahi kumwambia mwandishi wa maneno haya kwamba siku ile, katika nchi ambayo kila kitu kilichotoka hakikurudi, aliona kitu kinatoka na kurudi chote. Alilisema kama anavyosema habari za ndoo, bila kuinua sauti, na ndiyo sababu limekaa kichwani.

Ila mafundo ya wiki ile hayakuweza kufumuliwa. Yalikatwa, na makopo yaliyobaki yasingetosha wasichana kumi na wawili. Wiki ya pili Bwana Thadeo aliomba ruhusa ya siku mbili, akazunguka Butiama na Buswahili, shule kwa shule na jiko kwa jiko, akiomba midomo ya magunia. Wapishi wa shule walimpa wakidhani amechanganyikiwa kidogo. Alirudi na uzi wa kutosha vitambaa kumi na vitatu. Cha kumi na tatu kilikuwa chake.

Kuanzia hapo darasa lilikwenda. Mtu anayejua kitu kwa siku mbili tu zaidi yako hukifundisha kwa namna yake. Hakuwa na maneno ya kitabuni, kwa hiyo alitumia ya kwao. Kwa nguzo fupi aliwaimbisha: ingia jichoni, nasa, toka, nasa tena, pita yote mawili. Kwa nguzo ndefu aliwaambia wamfunge kwanza samaki kamba moja kabla ya kuingia, yaani wauzungushe uzi mara moja kwenye spoku. Alichonga vijiti vya kupimia, kama vile vipimavyo macho ya nyavu, kimoja cha nguzo fupi na kimoja cha nguzo ndefu, na kila msichana alisimamisha kijiti chake kando ya nguzo zake kuona kama zimelingana. Watu waliopita dirishani walisikia wasichana kumi na wawili na mwanaume mmoja wakisema kwa pamoja "ingia, nasa, toka", wakaendelea na safari yao kwa haraka.

Katikati ya Oktoba vitambaa vilianza kugeuka pembetatu. Kila safu ilikuwa fupi kuliko ya chini yake, na hakuna aliyejua kwa nini. Bwana Thadeo hakushtuka, kwa sababu nyavu pia hupunguzwa macho ili zipate umbo, na akadhani uzi una akili yake. Jumamosi hiyo Mwalimu Hyasinta alimwonyesha jicho la mwisho, lile linalojificha ukingoni unapogeuza kazi. Anayeanza huliruka kila mara bila kujua. Jumatatu wakafumua wote kwa pamoja, na wanasema siku ile darasa lilikuwa na furaha kuliko siku yoyote, kwa sababu kufumua ndicho kitu pekee ambacho wote walikuwa wanakijua vizuri.

Tarehe 22 Novemba mkaguzi alifika. Jina lake ni Bi. Wankyo Mseti, mwanamke mfupi aliyevaa miwani mikubwa, ambaye hakukubali hata chai kabla ya kazi. Wasichana walikuwa wameketi kwenye benchi, spoku mapajani. Aliuliza mwalimu yuko wapi. Mama Esta alianza maelezo marefu kuhusu barua mbili na ujauzito. Mlangoni, mwenye koti la kaki na funguo shingoni, Bwana Thadeo akamkatiza kwa heshima.

"Mwalimu ni mimi, dada. Ila nimeanza pamoja nao."

"Umesomea wapi kufuma?"

"Bunda. Jumamosi."

Bi. Wankyo aliandika kitu. Kisha alisema hawezi kukagua wanafunzi waliofundishwa na mtu asiyepimwa. Mwalimu atapimwa kwanza, pamoja nao, kwa saa moja ileile. Akishindwa, kazi ya wanafunzi haitahesabiwa, hata iwe nzuri namna gani. Akasogeza benchi kwa mguu wake mwenyewe.

Kwa hiyo vyeti vya wasichana kumi na wawili, na darasa lenyewe, vilikaa kwenye vidole vya mtu aliyejifunza mnyororo wiki kumi na moja zilizopita. Bwana Thadeo aliketi mwisho wa benchi, karibu na Eufrasia. Alifunga tanzi la kwanza. Alifuma mnyororo wa macho ishirini, legevu, mzuri. Akapandisha safu ya nguzo fupi, kisha nyingine. Safu ya nguzo ndefu aliipima kwa kijiti. Zilikuwa zimepita dakika arobaini. Eufrasia, ambaye alikuwa amemaliza na hana kazi, alihesabu kwa macho.

"Baba Stoo," alinong'ona, "jicho moja limetoroka."

"Wewe," alisema Bi. Wankyo, "utapimwa mdomo siku nyingine."

Bwana Thadeo alihesabu. Yalikuwa kumi na tisa. Kitambaa kilikuwa kidogo na kosa lilikuwa dogo; ukikiweka mezani huenda mtu asingeliona. Mama Esta, aliyekuwa amesimama nyuma ya mkaguzi, anasema alimwomba kwa macho akiache hivyohivyo. Yeye alichomoa spoku, akashika ncha ya uzi, akavuta. Safu ya nguzo ndefu ikaondoka. Akafikiri kidogo, akaona kosa lilikuwa chini zaidi, akavuta tena, mpaka akabaki na tanzi la kwanza peke yake. Wasichana waliziba midomo. Zilibaki dakika kumi na nane.

Alianza upya. Hakuharakisha, na ndilo jambo ambalo kila aliyekuwapo hulitaja. Alikuwa akisogeza midomo: ingia, nasa, toka. Mnyororo. Safu ya nguzo fupi. Safu ya nguzo ndefu, macho ishirini. Alikuwa ameingiza spoku kwenye jicho la mwisho kwa ajili ya mshono wa kufungia Bi. Wankyo aliposema saa imekwisha. Akaacha palepale, spoku ikiwa imeingia na haijatoka.

Bi. Wankyo alikichukua kitambaa na spoku yake. Alikitazama mbele na nyuma.

"Huu wa mwisho haujatoka."

"Haujatoka, dada."

"Utoe."

Alinasa uzi, akautoa, akafunga.

Bi. Wankyo alisema kwamba amekagua walimu wengi, na wengi wao wakikosea mbele yake huficha kosa kwa kidole gumba. Huyu alilifumua mpaka mwanzo huku saa inakwenda. Mtu wa namna hiyo anaweza kukaa na wanaoanza. Akaandika kwenye kitabu cha wageni, na maandishi yapo hadi leo: "Mwalimu wa muda anafaa kwa mishono ya msingi. Asifundishe zaidi ya hapo." Halafu akakagua wasichana. Walifaulu kumi na mmoja. Wa kumi na mbili, mwenye aibu nyingi, alirudia Januari akafaulu pia. Eufrasia alipata alama za juu kuliko wote, hata kumzidi mwalimu wake. Kisha Bi. Wankyo akanywa chai, vikombe vitatu.

Mwalimu Hyasinta alijifungua salama wiki mbili baadaye, mtoto wa kike. Bwana Thadeo alipeleka kofia ndogo aliyoifuma mwenyewe. Bibi Bhoke aliinyoosha, akaichungulia ndani na nje, na kusema inafaa, ila kichwa cha mtoto si boya.

Mwalimu aliporudi kazini mwaka 1985, alimkuta mtunza stoo ameshapanga vijiti vyake vya kupimia, vimefungwa vizuri, tayari kukabidhi. Alikataa kuvipokea. Alisema wiki ya kwanza ya kila mwaka itabaki ya Bwana Thadeo: tanzi, mnyororo na kufumua. Basi tangu mwaka huo, kila kundi jipya huanza na mtunza stoo, na wasichana kutoka ziwani wanapokaza uzi kwa mkono wa nyavu, yeye huwatambua kutoka mlangoni.

Mambo yalibadilika, na tunashukuru. Nyuzi zilirudi madukani, za rangi ambazo hata hatukuwa na majina yake, na krosheti za chuma zinazong'aa zikaja kutoka ng'ambo ya mpaka. Magunia yaliachwa yashonwe na kufunguliwa kwa amani. Kulikuwa na wakati, mwaka 1991, ambapo vitambaa vya mashine na mitumba vilijaa sokoni na wasichana walioomba darasa la kufuma walifika saba tu. Mwalimu Hyasinta akageukia sweta za shule na kofia za watoto wachanga, na mwaka uliofuata waliomba ishirini. Katika mabadiliko yote hayo, wiki ya kwanza haikuguswa.

Ndiyo maana mwaka huu, tulipoanza kupanga kumuaga, swali halikuwa nani atashika funguo za stoo. Hilo lilijibiwa kwa barua. Swali lilikuwa wiki ya kwanza. Tarehe 5 Julai wanaingia wasichana kumi na wanane, na wakianza vibaya, tunajua kwa uzoefu, nusu yao watakata tamaa kabla ya mwezi kwisha. Kwenye kikao wengi walisema ni wazi, Mwalimu Hyasinta aichukue. Bwana Thadeo, ambaye huwa hazungumzi vikaoni, aliinua mkono.

"Mwalimu anajua sana kufuma. Ndiyo maana wiki ya kwanza itamshinda. Yeye alishasahau alivyokuwaga anakosea."

Mwalimu Hyasinta alicheka, akasema ni kweli, hakumbuki. Basi ni nani? Bwana Thadeo akamtaja Shida.

Shida ni binti wa Kiriba anayemaliza mwaka huu. Wote tulimfahamu kama aliyekuwa wa mwisho darasani. Wiki tatu nzima alifunga mafundo ya wavu kwenye kila tanzi, akakatiwa, akaanza, akafunga tena. Aliposikia jina lake limetajwa alikwenda kujificha jikoni, na alipopatikana alisema Baba Stoo amemchokoza.

"Sikuchokozi," alimwambia. "Wewe umekosea yote. Hakuna kosa la wanaoanza usilolijua."

Kikao hakikuridhika, na huenda kilikuwa na haki. Ikaamuliwa Shida ajaribiwe kwa mtu mmoja asiyejua kabisa. Alipatikana kwa urahisi: mwandishi wa maneno haya, aliyesoma mpaka kidato cha sita, anayefundisha hesabu za nyumbani, na ambaye kwa miaka miwili amekuwa akipita nje ya darasa la kufuma akijifanya ana haraka. Kuna watu ambao wamezoea kujua, na kushika kitu wasichokijua mbele za watu huwapa homa.

Siku ya kwanza Shida hakueleza lolote. Aliweka uzi mkononi mwa mwanafunzi wake, akamwacha akosee mpaka jasho likamtoka. Kisha akavuta ncha, kila kitu kikapotea, akasema, "Umeona, dada? Hakuna aliyeona." Siku ya pili alisema, "Mkono wako umekasirika, uulegeze." Siku ya tatu mnyororo ulifika macho arobaini, na krosheti iliingia katika kila jicho bila kulazimishwa. Bwana Thadeo aliitwa aje kuukagua. Aliupitisha kati ya vidole jicho kwa jicho, kama anavyopitisha kila kinachoingia stoo, akaurudisha. Alimkabidhi Shida vijiti vya kupimia. Shida alivipokea kwa mikono miwili.

Bwana Thadeo anarudi Kiriba kwa mkewe, Mama Masatu, kwa mashamba ya mihogo na kwa nyavu ambazo, anasema, zimemngoja kwa subira. Kituo kinamshukuru kwa stoo ambayo milango yake haikuwahi kufunguliwa bila yeye kujua, na kwa wasichana zaidi ya mia moja na arobaini ambao tanzi lao la kwanza lilifungwa mkononi mwake. Wengi wao wanafuma mpaka leo, Musoma, Bunda, na wengine mbali zaidi ya tunakoweza kuwafuata.

Mzee wetu, pumzika kwa furaha. Mungu akupe afya, macho yaonayo mbali, na ziwa lenye samaki wa kutosha. Tutakuja Kiriba kukutembelea, tena si mara moja. Ombi letu ni moja tu: Jumatatu tarehe tano, saa mbili asubuhi, usipite hapa kutusalimia. Tunakujua, utasimama dirishani kidogo tu, na Shida akikuona, ataanza kukaza uzi.